Mikoko ya Pwani ya Kismayu: Mjadala wa Mti Usio na Mwenyewe

Kila inapotajwa miti ya kusini mwa Somalia, mazungumzo hukimbilia mkaa. Aliyesikia redioni kwamba Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku mkaa wa Somalia hudhani mikoko ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni, jamii ya wavuvi wa pwani hiyo, imeshapata mlinzi. Mwingine akisikia boriti huwanyooshea kidole Wabajuni, kwa kuwa ndio wanaojulikana tangu zamani kwa kuingia horini na shoka. Wa tatu ana dawa moja ya maradhi yote: watu wapewe mbegu wakapande. Na siku hizi amezuka wa nne, anayesema mikoko isiguswe kabisa kwa sababu kuna watu Ulaya wanaolipia hewa inayofyonzwa na miti hiyo.

Wanne hawa wanautaja mti mmoja, lakini kila mmoja ana tatizo lake kichwani, na ndiyo maana mjadala hauendi mbele. Tuanze kwa kutenganisha kilichochanganywa, ndipo tuzipime hoja nne zinazotolewa kama tiba: marufuku, kukata kwa mpango, kupanda na kuuza hewa. Nitasema mapema ninakoelekea: hoja zote nne zina kasoro moja. Zinadhani kila hori ina mwenyewe anayeweza kusema kata au usikate, na akasikilizwa. Katika pwani hii mwenyewe huyo alivunjwa nguvu mwaka 1991.

Mkaa ni habari nyingine

Azimio namba 2036 la Baraza la Usalama lilipitishwa tarehe 22 Februari 2012. Liliitaka Somalia na nchi zote wanachama kuzuia mkaa wa Somalia usisafirishwe wala kupokelewa nje. Lengo lilikuwa fedha. Al-Shabaab walikuwa wameishika Kismayu tangu Agosti 2008, na ushuru wa mkaa uliokuwa ukipakiwa bandarini kwenda nchi za Ghuba ulikuwa mmoja wa mifereji yao mikubwa ya mapato. Mwaka 2014, kwa azimio namba 2182, baraza liliruhusu majahazi yanayoshukiwa kukaguliwa baharini. Hata hivyo biashara haikufa. Ripoti za kundi la uangalizi la Umoja wa Mataifa zilieleza kwamba mkaa uliendelea kutoka Kismayu hata baada ya Al-Shabaab kufukuzwa mjini mwishoni mwa mwaka 2012.

Mkaa huo kwa sehemu kubwa ni wa migunga, miti ya miiba ya bara, inayokatwa kutoka bonde la Juba hadi mbali ndani. Mkoko huota kwenye tope la maji ya chumvi. Magogo yake hutoa moto mkali, na mpishi wa pwani anaujua mkaa wake, lakini mikoko haikuwa ndiyo iliyojaza majahazi yaliyozungumziwa New York. Kwa hiyo azimio hilo haligusi boriti, haligusi kuni za nyumbani, wala halimzuii mtu kufyeka hori nzima ajengee mjini. Anayesema mikoko inalindwa na Umoja wa Mataifa amekosea mti.

Uhusiano upo, lakini ni wa kuzunguka. Bara likibaki kipara, mji unaotaka kuni na miti ya kujengea hugeukia upande wa bahari. Na Kismayu ni mji uliojaa watu. Umepokea wakimbizi wa ndani waliokimbia ukame na vita, na tangu Desemba 2014 umekuwa kituo kikuu cha wanaorejea kutoka kambi za Dadaab nchini Kenya. Kila familia inayorejea inahitaji nguzo, pau na moto wa kupikia. Watu hawa hawatajwi na azimio lolote, ingawa haja yao ni ya kila siku.

Spishi ipo, msitu unakwenda

Jambo la pili linalochanganywa ni maana ya mti kuwa hatarini. Kuna miti ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ambayo imefika ukingoni kwelikweli. Karomia gigas ni mfano: Kenya ulishatoweka, ukadhaniwa umekwisha duniani, mpaka mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoikuta miti michache katika misitu ya upande wa Kilwa. Mti wa namna hiyo huhesabiwa mmoja mmoja, na kila mbegu yake ni habari.

Mikoko ya Kismayu haiko hivyo. Katika hori za bara zilizofunikwa na visiwa, kutoka kusini ya Kismayu kupitia Kudhaa na Burgavo hadi Ras Kiamboni, inaota jamii ileile inayojulikana Lamu, Tanga na Rufiji: mkoko wenyewe wenye mizizi ya magongo, mkandaa, muia, mchu, mlilana na mkomafi. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilipoitathmini mikoko ya dunia, spishi 11 kati ya 70 zilionekana kuwa hatarini kutoweka, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoota Afrika Mashariki. Mfanyabiashara wa boriti akiambiwa takwimu hiyo anaweza kucheka na kuendelea kukata.

Asicheke haraka. Mwaka 2024 shirika hilohilo lilipima kitu kingine: halikuuliza kama spishi zitabaki, liliuliza kama misitu itabaki. Jibu lilikuwa kwamba nusu ya mifumo ya mikoko duniani iko katika hatari ya kuporomoka ifikapo 2050. Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo kiini cha suala la Kismayu. Mkoko kama spishi utaendelea kuwapo Msumbiji na Madagaska hata kama mti wa mwisho wa Burgavo utakatwa kesho. Kitakachopotea ni kamba, kaa na samaki wachanga wanaokulia kwenye mizizi, kinga ya ufuo, na riziki ya mvuvi ambaye hawezi kuhamishia wavu wake Msumbiji.

Kuna na suala la mahali penyewe. Hori za Wabajuni ziko karibu na ukingo wa kaskazini wa mikoko mingi ya Afrika Mashariki. Ukipita Kismayu kwenda Barawa na Mogadishu, pwani hunyooka, visiwa huisha, mawimbi ya kusi hupiga ufuo bila kizuizi, na mikoko hubaki vipande vilivyotawanyika. Mbegu za mkoko husafiri kwa maji, zikielea hadi zikwame topeni. Hori ya ukingoni ikifyekwa, majirani wa kuipelekea mbegu ni wachache kuliko wa hori iliyo katikati ya delta ya Rufiji.

Halafu kuna tabia ya mti, jambo ambalo watunga sheria hulisahau na mkata boriti halisahau. Mchu ukikatwa huchipua kwenye kisiki. Mlilana nao hujitahidi. Mkoko na mkandaa, vikikatwa shina lililokomaa, vimekufa. Hapo patajazwa na mbegu mpya au hapatajazwa. Sheria inayosema "mikoko" kwa jumla, bila kutenganisha kinachochipua na kisichochipua, itakuwa kali mno kwa mti mmoja na legevu mno kwa mwingine.

Boriti, korja na soko la Ghuba

Anayewalaumu Wabajuni kwa kukata angelazimika kuilaumu pwani nzima, pamoja na wanunuzi wa ng'ambo. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilikuwa bidhaa kubwa ya majahazi. Yalishuka na kaskazi kutoka Omani, Kuwait na Uajemi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni miti. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, alishuhudia upakiaji huo katika delta ya Rufiji. Nyumba za Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu, ziliezekwa kwa boriti za Afrika Mashariki. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zina kipimo hichohicho.

Biashara hiyo ilikuwa na lugha yake na mpangilio wake. Miti huuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa. Mlilana ulitafutwa kwa mataruma ya vyombo, magome ya mkandaa kwa kutengenezea ngozi, mchu kwa tanuri za chokaa. Mpangilio huu unatuonyesha kitu muhimu: soko lilitaka miti ya unene mbalimbali, kwa hiyo mkataji alichagua. Aliyetaka mazio aliacha miti mikubwa, na miti mikubwa ikaendelea kumwaga mbegu. Haikuwa hifadhi ya makusudi, lakini matokeo yake yalisaidia.

Kisha mafuta yakaibadili Ghuba. Saruji na chuma vikachukua nafasi ya boriti, na katikati ya karne ya 20 soko la ng'ambo likaanza kufifia. Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, ilikuwa inafunga mlango ambao wateja walishaanza kuuacha. Kwa upande wa Somalia, kilichofuata hakikuwa mteja wala sheria. Ilikuwa vita.

Hori zilizobaki bila sauti

Kismayu na Jubaland yote ilikuwa sehemu ya Kenya ya Mwingereza hadi mwaka 1925, ilipokabidhiwa kwa Italia. Mpaka huo ulipita katikati ya Wabajuni. Ndugu wa Kiunga, Faza na Kizingitini wakawa raia wa dola moja. Wa Chula, Chovai, Koyama na Ngumi wakawa wa dola nyingine. Lakini kazi za bahari hazikukatika. Mvuvi alijua hori gani ni ya watu wa kijiji gani, msimu gani waingie kukata, na nani aombwe ruhusa. Mamlaka hiyo ilitosha kwa idadi ya watu ya wakati ule.

Dola ya Rais Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni walijikuta katikati ya wenye silaha wakiwa hawana silaha. Ni jamii ndogo, isiyokuwa na wanamgambo wala ukoo mkubwa wa kuitetea katika siasa za Somalia. Vyombo viliporwa, nyumba zikachukuliwa, na maelfu wakakimbilia Kenya, ambako wengi wao waliwekwa kambini Jomvu, Mombasa. Baadaye wengine walirejeshwa, wengine wakatawanyika hadi Uingereza na kwingineko. Waliorudi visiwani walikuta wageni wamekaa, au wakakaa wao kwa hisani ya wengine.

Wataalamu wengi wanaoandika juu ya mikoko huanza na shoka na kuishia na shoka, na nadhani hapo ndipo wanapopotea. Shoka lilikuwapo miaka mia tano. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa akisema "hapa basi" hayupo, au yupo na hasikilizwi. Mtu mwenye bunduki na chombo cha mashine akiingia horini, mzee wa Chula atamwambia nini? Na kijana wa Kibajuni anayeona hori ya babu yake inakatwa na wengine ana sababu gani ya kuacha asikate kabla yao?

Maumbile nayo hayakukaa kimya, ingawa mara nyingi hutumiwa kama kisingizio. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mafuriko makubwa kwenye mto Juba, na huko kusini, katika hori ya Mwache karibu na Mombasa, mchanga na maji yaliyotuama viliua sehemu kubwa ya mikoko bila mtu kuigusa. Anayetaka kuhesabu hasara ya Kismayu hana budi kutenganisha mikoko iliyokufa kwa tope na iliyokufa kwa shoka, kwa sababu tiba zake si moja.

Hoja ya kwanza: piga marufuku

Wanaotaka marufuku kamili wana hoja yenye nguvu moja: ni rahisi kueleza na rahisi kukagua. Mlinzi wa bandari hahitaji kujua tofauti ya mazio na pau; akiona mti wa mkoko chomboni, anauzuia. Mahali penye rushwa na maofisa wachache, sheria fupi ina thamani yake.

Udhaifu wake unaonekana kwa jirani. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na amri hiyo ikaingia hadi kwenye mikoko ya Lamu. Lamu ndiko kuliko na zaidi ya hekta 37,000 za mikoko, kiasi cha asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya, na ndiko wakataji wengi wanakoishi kwa kazi hiyo, Wabajuni wakiwamo. Walilalamika kwamba wamechanganywa na wezi wa mbao za milimani, na baadaye amri ikalegezwa kwao. Marufuku ilimwumiza aliyekuwa na leseni. Asiyekuwa nayo alikuwa akikata usiku tangu mwanzo.

Tanzania ina funzo la muda mrefu zaidi. Mikoko yake imekuwa hifadhi ya serikali tangu enzi za ukoloni, na ukataji umefungwa na kufunguliwa mara kadhaa. Hata hivyo Rufiji iliendelea kuwa na mgogoro kati ya mamlaka za misitu na wakulima wa mpunga waliokuwa wakilima ndani ya delta kwa vizazi. Serikali ilikuwa na hati, wakulima walikuwa na jembe na historia. Kama dola yenye wizara, mahakama na maofisa wa misitu imeshindwa kuilinda delta kwa amri pekee, sioni jinsi amri ya Kismayu itakavyofika Burgavo, ambako hata maofisa wa serikali ya jimbo la Jubaland huenda kwa kusindikizwa.

Hoja ya pili: kata kwa mpango

Hoja hii inasema mikoko ni shamba la miti, livunwe kwa zamu. Hori moja ikatwe mwaka huu, ipumzishwe miaka kadhaa. Unene fulani uachwe. Miti ya mbegu iachwe kwa kila eneo. Ina faida ambayo marufuku haina: inampa mkataji sababu ya kulinda kesho yake. Pia inaheshimu ukweli kwamba pwani inajenga kwa mikoko, na kwamba boriti isiyopatikana kihalali hupatikana kwa njia nyingine.

Lakini mpango unahitaji mtu wa kuhesabu. Nani atapima unene? Nani atatoa leseni, na ushuru wake uende wapi? Kule Lamu, penye ofisi ya misitu na vyama vya wakataji, bado hori zilizo karibu na miji zimechoka kuliko zile za mbali. Kusini ya Kismayu leseni yenyewe inaweza kugeuka mlango wa mapato ya kundi lolote linaloshika njia. Tulishaliona hilo kwenye mkaa: ushuru wa kila gunia ulilipwa, risiti zikatolewa, na bara likaisha kwa utaratibu mzuri kabisa.

Hoja ya tatu: pandeni

Hakuna hoja inayopendwa na wafadhili kama hii. Ina picha nzuri: akina mama na wanafunzi topeni, kila mmoja na kichipukizi mkononi. Na kweli kuna mahali imefaulu. Gazi, kusini ya Mombasa, watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya walianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika eneo lililokuwa limekatwa hadi likashindwa kujirudisha, na leo pana msitu. Mtangawanda, kisiwani Pate, kikundi cha wanawake kimekuwa kikirudisha mikoko mahali wanapovua wenyewe.

Tatizo ni kwamba mkoko haupandwi popote penye tope. Unahitaji kimo chake katika maji: pajae bamvua, pakauke maji yakipwa, na kila spishi ina daraja lake. Wapandaji wengi hutafuta mahali pasipo na mgogoro wa ardhi, yaani chini kabisa ufukweni, ambako hakuna mkoko uliowahi kuota, na kwa vile mbegu za mkoko ni ndefu na rahisi kuokota, hupanda hizohizo hata mahali pa mchu. Ufilipino imetumia fedha nyingi kwa namna hii na kuvuna kidogo. Sri Lanka, baada ya tsunami ya Desemba 2004, zaidi ya hekta 1,000 zilijaribiwa na sehemu ndogo tu ikashika.

Kwa hori za Wabajuni swali la kwanza kabla ya kupanda ni hili: mbona hapajirudishi penyewe? Kama mbegu zinafika na maji yanaingia na kutoka, mikoko itarudi bila msaada, ili mradi isikatwe tena. Kama pamefunikwa na mchanga, kupanda ni kupoteza nguvu mpaka njia ya maji ifunguliwe. Na kama pamekatwa jana, patakatwa kesho. Upanzi ni tiba ya hali moja kati ya hizo tatu, nayo ni pale mbegu zisipoweza kufika.

Hoja ya nne: uzeni hewa

Hoja hii ndiyo mpya na ndiyo yenye mvuto mkubwa kwa vijana wasomi. Tope la mikoko huhifadhi hewa ukaa nyingi, na zipo kampuni na watu wanaolipa ili ibaki humo. Mfano unaotajwa siku zote ni Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni ulioanza kuuza mwaka 2013. Unalinda hekta 117 na umekubaliwa kuuza takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wakafuata kwa eneo la hekta zaidi ya 400.

Wanaoutaja mradi huu mara chache husema umesimama juu ya nini. Sheria ya misitu ya Kenya inaruhusu chama cha jamii kusajiliwa na kutia saini makubaliano na idara ya misitu. Hori ina mpaka kwenye karatasi. Kulikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya vipimo vya watafiti kabla ya tani ya kwanza kuuzwa. Mnunuzi wa Ulaya anaweza kutuma mkaguzi, akafika, akahesabu miti, akarudi salama. Ondoa kimojawapo na hakuna biashara.

Pia fedha zenyewe si nyingi kama watu wanavyodhani. Tani 3,000 zikigawanywa kwa vijiji viwili hutengeneza bomba la maji na kununua vitabu. Hazimlipi kila mkataji kwa boriti alizoacha. Na kuna hatari ambayo ningeomba isipuuzwe: thamani ya hori ikipanda kabla haijajulikana ni ya nani, mwenye nguvu ndiye atakayejiandikisha. Wabajuni walishapoteza nyumba na vyombo kwa njia hiyo. Itakuwa ajabu wakipoteza na mikoko kwa jina la hifadhi.

Kuzipima

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi hazishindani kama wanavyodhani watetezi wake. Zina mpangilio wa kutangulia na kufuata, na kosa kubwa ni kuanza na ya mwisho. Hewa ukaa inahitaji mpango; mpango unahitaji mipaka; mipaka inahitaji watu wanaotambuliwa kuwa ndio wa hori hiyo. Marufuku inafaa kwa muda, kwa hori zilizochoka tu, na itashika iwapo watu wa pale ndio wameiomba.

Kwa hiyo naona hatua ya kwanza ni kutambua haki za vijiji juu ya hori, moja baada ya moja, na serikali ya Jubaland izitie muhuri. Hatua hii ina gharama zake na si za kufichwa. Kijiji ni nani: waliokimbia 1991 au wanaokaa pale leo? Ukiwapa waliokimbia peke yao, umeanzisha ugomvi na wenye kuishika ardhi. Ukiwapa wakazi wa sasa peke yao, umehalalisha unyang'anyi. Sioni njia isipokuwa pande zote mbili zikae, kwa upatanishi wa wazee na masheikh wanaoaminika, na matumizi yagawanywe hata pale umiliki utakapobaki na mabishano. Wazee nao hununulika. Lakini mzee aliyeuza hori huonana na waliodhulumiwa kila Ijumaa, tofauti na mtoa leseni wa mbali.

Kisha kanuni ziandikwe kwa tabia ya mti. Mchu unaochipua uruhusiwe kwa kuni na fito. Mkoko na mkandaa vikatwe kwa kuchagua, kamwe visifyekwe eneo zima, na miti mikubwa ya ukingo wa maji ibaki kwa ajili ya mbegu. Mkomafi, usiokuwa mwingi popote, uachwe. Kanuni hizi mkataji yeyote wa Lamu anazielewa bila semina.

Upande wa mji haupaswi kusahauliwa, kwa kuwa huko ndiko mti unakokwenda. Ukaguzi wa boriti Kismayu unaweza kufanyika kwenye viwanja vya wauzaji, ambavyo ni vichache kuliko hori. Wanaowarejesha wakimbizi wangepaswa kuwapa vifaa vya kujengea na majiko yanayookoa kuni, badala ya kuwaachia turubai na kuwaambia watafute miti. Hili ni jukumu la mashirika makubwa yenye bajeti, na ni ajabu kwamba lawama humfikia mkata fito kabla haijawafikia wao.

Upanzi ufuate pale tu mbegu zisipofika. Biashara ya hewa ukaa ingoje mpaka karatasi za mipaka ziwepo, hata kama itachukua miaka mingi na wauzaji wa miradi watakuja na kalamu mkononi kesho.

Kuna kazi moja isiyohitaji kungoja serikali wala mfadhili. Majina ya hori, mipaka yake, na desturi za nani alikuwa akikata wapi na lini, viko vichwani mwa wazee waliozaliwa visiwani kabla ya vita. Wengine wako Kismayu, wengine Kiunga na Mombasa, wengine Uingereza. Vijana wa Kibajuni popote walipo wawakalishe wazee hao sasa, waandike na kurekodi, kwa sababu siku ramani ya hori itakapochorwa, asiye na ushahidi hataulizwa.